KALAMU NA MSHIPI HAVIGOMBANI

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.



Kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotoka, hapa kisiwani Pate husikika maneno mawili. Mtoto aliyepata alama nzuri huambiwa, "Mashaallah, huyu ataondoka." Aliyepata alama za chini huambiwa, "Basi, huyu ni wa baharini." Maneno hayo husemwa kwa nia njema, wala hayana tusi ndani yake. Lakini tukiyatazama vizuri tutaona yamebeba hukumu mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba kusoma maana yake ni kuhama. Ya pili ni kwamba bahari, iliyowalea babu zetu na inayotulisha sisi mpaka leo, ni mahali pa kuwapeleka walioshindwa.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tunazipinga hukumu zote mbili. Tunasema kwamba kijiji cha pwani kilicho mbali, kama hivi vyetu, hakitainuka kwa kusomesha watoto wa kuondoka peke yao, wala kwa kupeleka baharini watoto wasiojua kuandika. Kitainuka siku kalamu na mshipi vitakaposhikwa na mkono mmoja. Tunaomba mtuvumilie tulieleze jambo hili kwa urefu, kwa sababu linahusu riziki ya kila nyumba.

TUSEME UKWELI KUHUSU MAISHA YETU

Hatutaki kupamba. Msafiri anayetoka Lamu kuja Pate hutazama maji kabla ya kutazama saa. Mkanda, ule mlango mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, una maji machache, na boti hungoja yajae ndipo ipite. Hospitali iko Faza, alhamdulillahi, lakini mgonjwa akipewa rufaa ya Lamu au Mombasa, njia yake huanzia baharini. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hupita njia hiyo hiyo, usiku kama mchana.

Upepo wa kusi unapovuma, tangu kiasi cha mwezi wa Aprili hadi Septemba, bahari ya nje ya miamba huchafuka na vyombo vidogo hubaki ndani, kwenye mikono ya bahari na mikoko. Hapo kitoweo hupungua na deni la dukani huongezeka. Kaskazi ikirudi, kuanzia Disemba hadi Machi, bahari hutulia na kila mwenye nguvu huikimbilia. Na hapo ndipo baadhi ya madawati darasani huanza kubaki matupu.

Maji ya kunywa nayo ni ya visima na ya jabia za kukingia mvua. Mvua ikichelewa, kila ndoo huhesabiwa. Kisima kilicho karibu na pwani kikitekwa kupita kiasi huingia chumvi, na kikishaingia chumvi hakirudi upesi kuwa kitamu.

Kisha kuna mambo yaliyotujia bila ya sisi kuyaita. Baada ya mashambulizi yaliyotokea upande wa bara wa Lamu mwaka 2014, wavuvi walizuiwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa. Mwenye kuijua bahari anafahamu kwamba kuna samaki wanaovuliwa usiku tu. Marufuku ya namna hiyo ni kama kumwambia mkulima alime lakini asivune.

Kwa hiyo hatumlaumu kijana anayetaka kuondoka, wala mzazi anayemwombea aondoke. Tunachouliza ni hiki: kama kila aliyeelimika ataondoka, mambo haya yatatatuliwa na nani?

UMBALI SI MAANDISHI YA PAJI LA USO

Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba vijiji vyetu viko pembeni ya dunia tangu dunia iumbwe. Sivyo. Karibu na Siyu kuna magofu ya Shanga. Wanaakiolojia walipochimba pale katika miaka ya 1980 walikuta mabaki ya misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, na wa chini kabisa, uliokuwa wa miti, ulikadiriwa kuwa wa karne ya 8 Miladi. Walikuta pia vigae vya vyombo vilivyoletwa kutoka China na Ghuba ya Uajemi. Maana yake ni kwamba watu wa kisiwa hiki walikuwa wakielekea Kibla na kufanya biashara na ng'ambo zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kambi ya reli iliyokuja kuwa jiji la Nairobi kuanzishwa mwaka 1899.

Siyu yenyewe, katika karne ya 18 na ya 19, ilikuwa mji wa wanavyuoni na mafundi. Misahafu iliandikwa hapo kwa mkono, kwa kalamu za matete, juu ya karatasi iliyoletwa kutoka ng'ambo, na kurasa zake zikapambwa kwa rangi. Mingine imehifadhiwa katika makumbusho mpaka leo. Na katika kisiwa hiki cha Pate alizaliwa Mwana Kupona, aliyeandika utenzi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake. Mwanamke huyo wa kisiwani hakungoja kwenda mji mkubwa ndipo ashike kalamu. Aliishika, akamwandikia mwanawe, na leo utenzi wake unasomwa katika vyuo vikuu vya mbali.

Basi ni nini kilichotufanya tuwe mbali? Vita baina ya miji yetu vilituchosha. Kisha meli za mvuke zikaja, na reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, biashara ikafuata njia mpya. Jahazi zilizokuwa zikitia nanga kwetu zikapungua. Kisiwa hakikusogea hata hatua moja. Njia za biashara ndizo zilizohama. Na ikiwa umbali uliletwa na mambo ya wanadamu, wanadamu wanaweza pia kuupunguza.

MALI INAVUJIA WAPI?

Bahari yetu si maskini. Kizingitini inajulikana kwa kamba koche. Tuna nguru, tasi, changu, kolekole na pweza. Mikoko ya Lamu ni kiasi cha asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya, na ndani ya mikoko hiyo ndimo samaki wengi wanamokulia. Sasa mbona mvuvi anayeamka kabla ya alfajiri na kurudi na chombo kilichojaa, jioni hukopa unga?

Tumeona sehemu mbili ambapo mali inavuja. Ya kwanza ni barafu. Samaki katika joto letu hangoji. Asiye na barafu hana budi kuuza papo hapo kwa bei anayopewa, au kumpasua samaki, kumtia chumvi na kumwanika awe ng'onda. Mnunuzi analijua hilo, na bei anaipanga kwa kujua.

Ya pili ni deni. Wavuvi wetu wengi hupata nyavu, mashine ya boti au petroli kutoka kwa tajiri, na makubaliano ni kwamba samaki wote watauziwa yeye kwa bei yake mpaka deni liishe. Hatusemi kwamba tajiri ni adui. Yeye naye ametoa mali yake, na chombo kikizama hasara ni yake pia. Lakini mara nyingi deni hilo limeandikwa katika daftari lake peke yake, au halikuandikwa popote. Na deni linaloandikwa upande mmoja hupungua polepole, hukua haraka.

Hapa tunawageukia wanafunzi wetu wa madrasa. Mnajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu haizungumzii vita wala urithi. Imo katika Suratul-Baqara, nayo inahusu kuandika deni: liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wawepo, na wala tusichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Na katika juzuu ya Amma, mnayoihifadhi mkiwa wadogo, imo Suratul-Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja katika vipimo. Sura hiyo ina nafasi yake pwani, pale mizani inapotundikwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme chombo kimerudi na kilo 42 za samaki, na bei ni shilingi 250 kwa kilo. Jumla ni shilingi 10,500. Toa petroli 2,800 na barafu 700, zinabaki 7,000. Zikigawanywa sehemu saba, yaani sehemu moja ya chombo, moja ya nyavu na tano za mabaharia watano, kila sehemu ni shilingi 1,000. Sasa tuseme mizani inapunja kilo 3 tu kwa siku. Hizo ni shilingi 750. Kwa siku 20 za kuvua ni shilingi 15,000 zilizopotea bila mtu kupiga kelele. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu. Inahitaji mtoto aliyekaa darasani mpaka akajua kuzidisha na kugawanya, na aliyefundishwa kwamba kunyamazia kipimo cha uongo si unyenyekevu.

Zamani mvuvi alikuwa na udhuru kwamba bei ya soko la Lamu au Malindi haijui. Leo simu iko mfukoni. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwaka 2007, mtu aliye Kizingitini anaweza kuuliza bei kabla ya kutia nanga na kulipwa na mnunuzi asiyemuona. Lakini simu haimsaidii asiyesoma ujumbe uliomo ndani yake.

KALAMU ILIPOFIKA MAHAKAMANI

Mwaka 2012, tarehe 2 Machi, ujenzi wa bandari kubwa ya Lamu ulizinduliwa rasmi. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Ili meli kubwa zipite ilibidi mkondo uchimbwe na kuongezwa kina, na sehemu ambazo wavuvi wa mitumbwi na mashua walizizoea kwa vizazi zikaharibika au zikafungwa.

Wakazi wa Lamu hawakukaa wakilalamika barazani tu. Walikwenda mahakamani. Tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliyokaa Malindi iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki za wavuvi hazikuzingatiwa, ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya wavuvi wapatao 4,600.

Tuna mafunzo mawili hapa. La kwanza: bila ya watu waliojua kuandika, kukusanya ushahidi na kusoma Katiba, kesi hiyo isingefika popote. Machozi peke yake hayapokelewi mahakamani, hupokelewa karatasi. La pili: hukumu si fedha. Miaka kadhaa baada ya uamuzi huo wavuvi walikuwa bado wanadai walipwe. Fidia yoyote huanza na orodha, na orodha huuliza: wewe ni mvuvi wa wapi, umesajiliwa lini, chombo chako kiko wapi katika kitabu? Asiye na jina kwenye kitabu hujikuta nje ya mlango hata kama amezaliwa ndani ya mashua.

Kanuni za serikali za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi wa kila bandari ndogo nafasi ya kuunda kamati yao ya kusimamia pwani, ile tunayoiita BMU. Kamati hiyo ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina; huweka daftari la wavuvi na vyombo, na hutunga sheria ndogo za mahali. Hiyo ni nguvu ya kweli iliyowekwa mikononi mwa kijiji. Lakini katibu atatoka wapi ikiwa kila ajuaye kuandika tumeshamuaga gatini? Tunaweza kujikuta tumepewa muhuri na hatuna wa kuushika.

Na bandari yenyewe, hata kama ilikuja kwa namna iliyotuumiza, sasa ipo. Inataka manahodha, mafundi wa mitambo, wapimaji na makarani. Mtoto wa Kizingitini au Faza ana kitu ambacho mtoto wa bara hana: anaijua bahari kabla ya kuijua baiskeli. Lakini akifika mlangoni haulizwi kama anajua kuogelea; anaulizwa cheti. Mombasa kuna Bandari Maritime Academy, na Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani. Njia ya kufika huko huanzia katika dawati lile lile linaloachwa tupu msimu wa kaskazi.

BAHARI NAYO NI KITABU

Wapo wanaodhani kwamba elimu ya shule na ya madrasa haina uhusiano na maji. Hebu tutazame. Bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kutoka sana, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu huja baina yake, mwezi ukiwa nusu. Kwa hiyo kalenda ya Hijria tunayoifuata kwa ajili ya saumu na Idi ni kalenda ya bahari pia. Mwanafunzi akijua leo ni mwezi ngapi, anaweza kukadiria kama boti itapita Mkanda, na kama akina mama watapata mwamba mkavu wa kutafutia pweza. Wazee wetu walilijua hili bila kitabu. Mtoto anayelijua pamoja na sababu yake, namna mwezi na jua vinavyovuta maji, ana elimu ya babu na ya mwalimu kwa pamoja.

Pweza naye anatufundisha. Ni kiumbe anayekua kwa haraka sana, na maisha yake ni mafupi, kiasi cha mwaka mmoja au zaidi kidogo. Ukimchukua akiwa mdogo umepata kitoweo cha siku moja. Ukimwacha miezi michache uzito wake huongezeka mara nyingi, na majike hupata nafasi ya kutaga. Mwaka 2004 wavuvi wa kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagascar, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa muda kisha waifungue. Jambo hilo likafika Pemba, na likajaribiwa hata hapa Pate. Wanaofunga mwamba wao hawazuii riziki, wanaipa muda. Lakini kufunga mwamba kunataka mapatano, tarehe zinazoandikwa, ulinzi, na kupima mavuno ili watu waone kwa macho yao kama kuna faida. Yote hayo ni kazi ya mwenye kalamu anayeishi kijijini.

Hali kadhalika mikoko. Akina mama wa Mtangawanda wamekuwa wakipanda mikoko pale ilipokatwa, kwa sababu waliona samaki wanapungua na wakajua kwa nini. Mche wa mkoko haukui kwa kuchomekwa tu. Yapo ya kujua: ni aina gani ya mkoko inayofaa matope yale, maji hufika wapi yanapojaa, na lini mche utolewe kitaluni. Ikiwa mama aliyesoma kidogo ameweza kufanya hivyo, je, binti yake akimaliza sekondari na kusomea elimu ya viumbe vya bahari, atafanya makubwa kiasi gani?

HOJA ZA WAZAZI

Tunajua kuna mzazi anayesoma maneno haya na kusema moyoni, "Haya ni maneno ya watu walioshiba. Mimi nataka mkono wa kuvuta wavu leo. Mtoto atakula karatasi?"

Hoja hiyo ni nzito na hatuipuuzi. Njaa haingoji cheti. Lakini tunamwomba mzazi huyo apime. Kijana wa miaka 13 anayeacha shule kwenda kuvuta wavu wa mtu mwingine huleta kitoweo leo, ni kweli. Akifika miaka 30 bado atakuwa anavuta wavu wa mtu mwingine, kwa deni asiloweza kulisoma, naye atamtoa mwanawe shuleni kwa sababu ile ile. Huko si kumsaidia baba; ni kurithishana deni.

Wala hatusemi mtoto asiijue bahari. Mtoto wa kisiwani asiyejua kutweka tanga wala kusoma upepo amepungukiwa na elimu kubwa. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inaangukia mwanzoni mwa kaskazi, na siku za mapumziko zipo. Hapo mzazi amchukue mwanawe, amfundishe nyota, miamba na mikondo. Mafunzo hayo ni darasa pia. Tunachokataa ni kumtoa moja kwa moja.

Kuna hoja ya pili: "Walioondoka ndio wanaotuletea fedha." Hili nalo ni kweli. Ndugu zetu walio Mombasa, Nairobi na nchi za Ghuba wamejenga nyumba, wamechimba visima na wamelipa karo za wadogo zao. Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini fedha inayotumwa haiwezi kukaa katika kikao cha kamati, haiwezi kusoma mizani, wala haiwezi kumshika mkono mjamzito usiku wa manane. Kijiji kinahitaji fedha za walioondoka na akili za waliobaki. Kimoja bila ya kingine ni kama mashua yenye tanga bila ya usukani.

Na hoja ya tatu, ambayo husemwa kwa sauti ya chini, ni kuhusu mabinti: "Msichana wa nini kumsomesha sana?" Tumekwisha mtaja Mwana Kupona. Tuongeze hili tu: muuguzi na mkunga ambaye yumkini atakubali kukaa kisiwani miaka mingi ni yule aliyezaliwa kisiwani. Anayeletwa kutoka mbali mara nyingi huhesabu siku za kurudi kwao, wala hatumlaumu. Tukiwatoa mabinti zetu shuleni mapema, tunajinyima sisi wenyewe wakunga wetu wa kesho.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Ili maneno haya yasiishie kwenye karatasi, tunapendekeza mambo manne ambayo hayangoji msaada kutoka popote.

1. Asitolewe mtoto yeyote shuleni kabla ya kumaliza Gredi ya 9. Tangu mwaka 2023 sekondari ya chini imo ndani ya shule za msingi, kwa hiyo mtoto anaweza kufika huko bila ya kulazimika kuhama kwao. Udhuru wa umbali kwa ngazi hiyo umepungua sana.

2. Kila chombo kiwe na daftari. Tarehe, kilo, bei, gharama, mgao na deni lililobaki. Mvuvi asiyejua kuandika amkabidhi mwanawe kazi hiyo kila jioni. Nakala moja ibaki kwa mvuvi na moja kwa tajiri, na shahidi awepo, kama dini yetu inavyotuelekeza.

3. Wazee wa bahari waalikwe madrasa na shuleni. Manahodha na mafundi wa mashua wanakufa na elimu zao. Wanafunzi wakubwa wawaulize na kuandika majina ya miamba, nyota, pepo na mikondo, kabla hatujalazimika kuyatafuta katika vitabu vya wageni.

4. Anayesomeshwa kwa mchango wa kijiji aahidi kurudisha kitu. Si lazima arudi kuishi. Anaweza kufundisha siku za likizo, kumwongoza mdogo wake katika maombi ya chuo, au kuifuatilia barua ya kijiji katika ofisi za mjini. Kutoka si vibaya. Kibaya ni kukata kamba.

KWENU WANAFUNZI

Wanafunzi wetu wapenzi, msione haya kuulizwa kwenu ni wapi. Semeni Siyu, semeni Tchundwa, semeni Mbwajumwali, kwa sauti ile ile ambayo mwenzenu husema Nairobi. Katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu anataja bahari miongoni mwa neema zake: tunakula kutoka humo nyama mbichi, tunatoa humo mapambo, na merikebu hupita humo kutafuta fadhila zake. Mahali palipotajwa kwa heshima hiyo hapawezi kuwa adhabu ya aliyeanguka mtihani.

Mtume wetu (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha ndipo atawakali. Sisi hatuna ngamia, tuna mashua. Kuifunga mashua leo ni kujua mizani, kujua sheria, kujua afya na kujua bahari yenyewe. Baada ya hapo tawakalini, na mkiwa na nia ya kuwafaa watu wenu, popote mtakapokuwa mtakuwa katika kheri.

Na enyi wazazi, mwaka huu matokeo yatakapotoka tunawaomba mbadilishe maneno yale mawili. Aliyefaulu mwambieni, "Mashaallah, huyu atatufaa." Na ambaye hakufaulu mwambieni, "Bado unasoma." Kisha mpeni lile daftari la chombo aanze nalo jioni ile ile.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awalinde walio baharini, awaponye wagonjwa wetu, awazidishie elimu watoto wetu na atie baraka katika riziki za visiwa vyetu. Amin.

Wabillahit-tawfiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.